Siku nane kufuata magitaa ya mkono ya Japani: Tokyo, Nagoya, Matsumoto hadi Dar

Siku ya 1. Tokyo, Ochanomizu

Treni za Chuo na Sobu zote zinasimama Ochanomizu. Ukitoka kituoni, barabara ya Chuo Kikuu cha Meiji inateremka kuelekea Surugadaishita, na kulia kushoto ni maduka ya gitaa, bega kwa bega kama maduka ya vitenge Kariakoo. Madirisha ya chini yamejaa magitaa ya umeme na ya nyuzi za chuma. Magitaa ya klasiki, ya nyuzi za nailoni, hukaa ghorofa za juu, ndani ya chumba chenye mlango wa kioo na kipima unyevu ukutani. Kikisoma karibu asilimia 50, hapo kuna watu wanaojua wanachouza.

Novemba ni mwezi mzuri kwa kazi hii ya kutafuta gitaa la zamani la klasiki lililotengenezwa kwa mkono. Mvua za kiangazi cha Japani zimekwisha, hewa inaanza kukauka, na gitaa lenye ugonjwa haliwezi kuuficha. Ubao wa vidole ukisinyaa, ncha za freti, vile vyuma vyembamba vilivyopachikwa juu yake, hutokeza pembeni na kukwaruza kiganja kinapoteleza kwenye shingo. Julai gitaa hilohilo lingepita bila kugunduliwa.

Kwenye begi: rula ya chuma ya sentimita 15 yenye alama za nusu milimita, rula nyingine iliyonyooka ya sentimita 45, kioo cha mviringo cha daktari wa meno, taa ndogo ya LED, kitambaa laini, daftari. Omba ruhusa kabla ya kuingiza kioo kwenye tundu la sauti la gitaa. Hakuna duka la maana litakalokataa, ila kuingiza bila kuomba ni utovu wa adabu.

Maneno sita ya Kijapani yanatosha kusoma kadi ya bei. Tanban ni ubao mzima, gohan ni plaiwudi. Genko ni kimo cha nyuzi, na huandikwa kwa uzi wa 6 na wa 1, kwa mfano 4.0 na 3.0. Ware ni ufa. Shuko ni kazi ya mkono. La sita ndilo lenye uzito kuliko yote: motooki, yaani shingo iliyoanza kuinuka kutoka kwenye kisigino chake, pale inapoungana na mwili. Likiwa limeandikwa, soma kila kitu kingine upya.

Kisha lebo. Tarehe nyingi za zamani zimeandikwa kwa mwaka wa mfalme. Enzi ya Showa inahesabiwa kwa kuongeza 25: Showa 48 ni 1973, Showa 55 ni 1980. Anayeona "48" akadhani ni mwaka 1948 amekosea kwa robo karne. Kuanzia 1989 hadi 2019 ilikuwa enzi ya Heisei, hesabu inaanza upya kutoka moja.

Namba ya modeli mara nyingi ilikuwa bei. Gitaa lililoitwa namba 10 liliuzwa yeni 100,000, namba 20 yeni 200,000. Hadi 1971 dola moja ilikuwa yeni 360, kwa hiyo namba 10 ilikuwa kama dola 278 za wakati ule. Ila bei zilipanda haraka miaka ya 1970, na namba 10 ya 1968 haiko daraja moja na namba 10 ya miaka kumi baadaye. Soma namba pamoja na mwaka, kamwe usisome namba peke yake.

Kabla duka halijafungwa, zoezi la plaiwudi. Mulika ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mti ikikunja kutoka juu na kushuka hadi chini ya ukingo, uso ni ubao mzima. Ukiona tabaka kama za mkate wa kusukuma, ni plaiwudi. Kwa mgongo, tafuta alama moja nje, kifundo au mshipa mweusi uliopinda, kisha uitafute ndani kwa kioo mahali palepale. Isipoonekana, kuna tabaka mbili za mti tofauti. Mgongo wa plaiwudi haupasuki na wala si aibu kwa gitaa la mwanafunzi, mradi hulipi bei ya ubao mzima.

Siku ya 2. Tokyo, wilaya ya Toshima

Hii ni siku ya fundi gitaa Masaru Kohno. Alizaliwa Mito mwaka 1926, akaanza kutengeneza magitaa 1948, na mwaka 1960 akaenda Hispania, ambako alikaa miezi kadhaa kwenye karakana ya Arcángel Fernández mjini Madrid. Mwaka 1967 alipata medali ya dhahabu katika mashindano ya mafundi gitaa ya Liège, Ubelgiji, ambako mafundi mashuhuri Ignacio Fleta na Robert Bouchet walikuwa miongoni mwa waamuzi. Mwaka huohuo mpwa wake, Masaki Sakurai, aliingia karakanani. Naye akashinda mashindano ya Paris mwaka 1988. Kohno alifariki 1998, na karakana ikapita mikononi mwa Sakurai, hapahapa Toshima.

Ndiyo maana jina la Kohno linapandisha bei, na kwa haki: sauti ina nguvu, noti zinalingana toka uzi wa kwanza hadi wa sita, na kazi ya ndani ni safi kiasi kwamba kioo hakikuti tone la gundi lililoachwa. Lakini mengi ya magitaa haya sasa yana miaka 50 na zaidi, na miaka 50 ya kuvutwa na kilo 40 za nyuzi haisomi lebo. Namba 5 yenye shingo nzima ni bora kuliko namba 20 yenye motooki. Safari hii yote inazunguka kipimo kimoja kinachothibitisha hilo, na inafaa kukifanya hapa, polepole, juu ya gitaa lililolazwa mezani.

Gitaa likae limetyuniwa sawasawa, A ya 440. Nyuzi zikilegezwa kipimo kinadanganya. Simamisha rula ndogo juu ya freti ya 12 na upime toka kichwa cha freti hadi chini ya uzi. Kinachotakiwa ni karibu milimita 4.0 kwa uzi wa 6 na 3.0 kwa uzi wa 1. Wapiga wa mkono mzito hupenda 4.3, wa vidole laini 3.7.

Halafu shuka kwenye daraja, kipande cha mbao usoni kinachofungiwa nyuzi, na upime mfupa wa daraja, ule unaobeba nyuzi: umebaki kiasi gani juu ya mbao? Hapo ndipo akiba ya gitaa ilipo, na hapo ndipo wanunuzi wengi hawaangalii. Kanuni ni moja kwa mbili. Ukitaka kushusha uzi milimita 1 kwenye freti ya 12, lazima ukwangue milimita 2 kwenye mfupa, kwa sababu freti ya 12 iko katikati ya uzi.

Chukua gitaa lenye uzi wa 6 ulio juu milimita 5.0. Unataka 4.0. Unahitaji kukwangua milimita 2. Kama mfupa umesimama milimita 4 juu ya daraja, unabaki na 2 na kila kitu ni salama. Kama umesimama 2.5, utabaki na nusu milimita, na uzi utapita juu ya mfupa karibu bila kukunja. Uzi usiokunja haukandamizi mfupa, na mfupa usiokandamizwa hautikisi uso: sauti inapungua, noti za juu zinakufa mapema, na uzi wa kwanza unaanza kuzizima. Gitaa hilo, hata likiwa na medali ya dhahabu kwenye historia ya fundi wake, linahitaji kazi ya shingo kabla ya kupigwa.

Shikilia gitaa kama bunduki na uangalie toka nati, kipande kinachobeba nyuzi upande wa kichwa, kuelekea daraja. Laza rula ndefu juu ya freti. Pengo dogo katikati, takriban unene wa karatasi mbili hadi tatu chini ya uzi wa 6 karibu na freti ya 7, ni afya. Huo ni mpindo unaouachia uzi nafasi ya kucheza. Pengo kubwa ni mpindo wa shingo. Kama shingo imenyooka lakini nyuzi ziko juu, basi ni motooki, tatizo la pembe na si la mpindo. Ni magonjwa mawili na tiba zake ni mbili, ingawa mtu asiyejua atakwangua mfupa katika hali zote mbili.

Ndani, kioo kiangalie mataruma. Neno la majahazi linafaa kabisa hapa: vijiti vyembamba vilivyogundishwa chini ya uso, vikitawanyika kama vidole toka tundu kuelekea mkiani, vikizuia uso usibonyee na wakati huohuo vikiuacha utetemeke. Gonga uso kwa kifundo cha kidole, kidogokidogo kuzunguka daraja. Taruma lililoachia hutoa mlio wa kukwaruza, kama nzi ndani ya karatasi. Uso kuvimba kidogo nyuma ya daraja ni kawaida ya umri. Uso kuzama mbele ya daraja, karibu na tundu, ndio wa kuogopa.

Mwisho piga kila freti ya kila uzi hadi ya 12. Hewa ya ndani ya gitaa ina noti yake, mara nyingi kati ya F kali na A kwenye uzi wa 6, freti ya 2 hadi ya 5. Hapo noti moja itavimba na kufa haraka. Kila gitaa la klasiki linayo. La kuangalia ni kwamba isiwe noti utakayoihitaji kila dakika.

Siku ya 3. Hamamatsu

Treni ya kasi, Shinkansen ya Hikari, inafika Hamamatsu kwa saa moja na nusu hivi, kilomita 257 toka Tokyo. Kuna jumba la makumbusho la ala za muziki lililofunguliwa 1995, umbali wa kutembea toka kituoni, na Yamaha wana makumbusho yao kwenye makao makuu, ambayo unapaswa kuweka nafasi mapema.

Yamaha wana familia mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Herufi G peke yake ni magitaa ya kiwandani. Mengi yana mgongo na mbavu za plaiwudi, na herufi S mwishoni mwa namba inaonyesha uso wa ubao mzima. GC ni magitaa ya tamasha, na ya daraja la juu yalitengenezwa kwa mkono. Kwa hayo kampuni iliwaalika mafundi wa Kihispania: Eduardo Ferrer wa Granada miaka ya 1960, Manuel Hernández wa Madrid miaka ya 1970. Lebo yenye jina Nippon Gakki ni ya kabla ya 1987, mwaka kampuni ilipobadili jina. Lebo yenye neno Taiwan ni ya kiwanda cha huko, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni Japani.

Mji huu una uzi unaofika Kilwa. Tangu 2015 Yamaha wamekuwa wakishughulika na mpingo wa Tanzania kwa ajili ya klarineti na obo, wakifanya kazi na shirika la uhifadhi la MCDI na misitu ya vijiji mkoani Lindi. Kwa mnunuzi wa gitaa jambo hili lina faida yake. Watalii huuita mpingo ebani, lakini mpingo ni Dalbergia, ndugu wa damu wa rozwudi ya India na wa hakaranda, miti ya migongo ya magitaa. Ebani ya ubao wa vidole ni ukoo mwingine kabisa.

Na hapo kwenye hakaranda pana mtego wa jina. Wajapani huita hivyo rozwudi ya Brazili, Dalbergia nigra. Haihusiani na mjakaranda wa maua ya zambarau unaopamba barabara za Nairobi. Hakaranda iko Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Juni 1992, na gitaa lenye mgongo wa hakaranda haliwezi kuvuka mpaka bila hati. Rozwudi ya India iko Kiambatisho cha II, na tangu Novemba 2019 ala ya muziki iliyokamilika ya mti huo haidaiwi kibali. Tofauti hiyo ni kati ya kupanda ndege kesho na kusubiri karatasi kwa wiki kadhaa. Usiitambue kwa macho. Rozwudi ya India yenye mishipa myeusi imewahi kuuzwa kama hakaranda, na kinyume chake. Taka jina la kisayansi la mti liandikwe kwenye risiti.

Siku ya 4. Nagoya

Nagoya ni mji wa viwanda vya ala tangu Masakichi Suzuki alipoanza kutengeneza fidla mwishoni mwa karne ya 19. Shiro Arai, mpenzi wa gitaa la klasiki, alianzisha kampuni yake hapa miaka ya 1950. Jina la biashara likawa Aria. Magitaa mengi ya Aria yalitoka karakana ya Ryoji Matsuoka, ambaye pia aliuza kwa jina lake, na kwenye lebo zake M20 au M30 ni bei pia, ila kwa maelfu ya yeni: 20,000 au 30,000.

Kwa bei, Matsuoka ndiye mlango mzuri wa kuingilia. Ngazi za chini zina uso wa ubao mzima na mbavu za plaiwudi, kazi ni ya uaminifu, na shingo nyingi zimewekewa utepe wa ebani katikati ili zisipinde. Kinachoharibika ni mashine za kukazia nyuzi: meno huisha, ufunguo unazunguka bure robo mzunguko kabla ya kushika. Kubadilisha ni kazi ya dakika 30, lakini pima kwanza umbali kati ya roli na roli, vile vijiti vinavyozungushiwa uzi. Kiwango cha leo ni milimita 35, na ukiagiza bila kupima unaweza kujikuta unatoboa kichwa cha gitaa upya.

Urefu wa uzi nao upimwe, toka nati hadi freti ya 12, mara mbili. Miaka ya 1960 na 1970, chini ya kivuli cha fundi Ramírez wa Madrid, mafundi wengi walitengeneza milimita 660 na hata 664. Leo kawaida ni 650. Milimita 14 zinasikika ndogo hadi mkono wa kushoto utakapotakiwa kunyoosha freti tano kwa saa nzima. Japani pia kuna mengi ya 640 na 630 kwa mikono midogo, na hayo Afrika Mashariki hayapatikani kwa urahisi.

Siku ya 5. Kani, Sakashita, bonde la Kiso

Siku ya treni. Kani, mkoani Gifu, ni nyumbani kwa karakana ya Kazuo Yairi (1932 hadi 2014), anayejulikana kama K. Yairi. Usimchanganye na S. Yairi, Sadao, wa ukoo huohuo lakini karakana nyingine. Magitaa ya K. Yairi yaliyouzwa Marekani yana jina Alvarez Yairi, na namba ya mfululizo ya miaka ya 1970 na 1980 huanza na mwaka wa Showa: ongeza 25 kama tulivyozoea.

Reli ya Chuo inapanda tena, Nakatsugawa, kisha Sakashita chini ya mlima uliowapa kampuni ya magitaa ya Takamine jina lao, halafu bonde la Kiso lenye misitu ya miti ya hinoki. Milima, mito baridi, mbao kila kituo. Giza linaingia saa kumi na moja jioni.

Siku ya 6. Matsumoto

Mji uko mita 600 hivi juu ya bahari, umezungukwa na milima, na hewa yake kavu ni sababu mojawapo ya viwanda vya gitaa kujaa hapa. Fujigen, maarufu kwa magitaa ya umeme, ilianza hapa 1960 kwa magitaa ya nailoni. Siku hii ni ya matengenezo: nini kinaponyeka, kwa kazi gani.

Ufa kwanza. Mahali pa kawaida ni pande mbili za ubao wa vidole, kati ya mwisho wa shingo na tundu, nyufa mbili sambamba. Sababu ni ebani: husinyaa kwa upana na kuvuta sprusi, mti laini wa uso wa gitaa, iliyogundishwa chini yake, na sprusi ndiyo dhaifu. Usikimbilie kujaza gundi. Kwanza gitaa likae siku 7 hadi 10 kwenye unyevu wa asilimia 55, ufa ujifunge wenyewe. Ukijifunga, gundi ya ngozi ya moto au gundi nyeupe ya seremala husukumwa ndani kwa kidole, kisha chini yake hubandikwa vipande vidogo vya sprusi, milimita 15 kwa 10, unene 1.5, mistari yake ikikata ile ya uso, kimoja kila sentimita 4. Ufa usiojifunga unajazwa kijiti chembamba cha sprusi ya rangi moja. Usitumie gundi ya papo hapo: inaloweka mti, inaacha doa jeusi, na fundi atakayekuja baadaye hataweza kuitoa.

Shingo ya motooki ni kazi kubwa zaidi. Magitaa ya mkono ya mtindo wa Kihispania yana shingo na mwili vilivyojengwa pamoja, mbavu zikiingia kwenye mifereji ya kisigino. Hakuna kiungo cha kufungua. Kwa hiyo fundi hang'oi shingo. Anang'oa freti zote 19 na kupiga randa ubao wa vidole, akipunguza zaidi upande wa nati na kuacha upande wa tundu ulivyo. Kila milimita 1 inayoondoka upande wa nati inashusha uzi karibu robo milimita kwenye freti ya 12 bila kugusa mfupa wa daraja. Ubao una unene wa milimita 6 hivi, basi usiombe zaidi ya 1.5. Zaidi ya hapo ubao wote unabadilishwa, na bei ya kazi inaweza kupita bei ya gitaa.

Laka inahitaji kutazamwa kwa karibu, na hapa Mtanzania ana la kusema. Mafundi wengi wa Japani hupaka mgongo na mbavu, na mara nyingine gitaa zima, laka inayoitwa kashu. Ni mafuta ya ganda la korosho, yaleyale meusi yanayobabua vidole vya wabanguaji wa Mtwara na Newala, yaliyochakatwa na kuwa laka, mbadala wa urushi, utomvu wa kale wa Kijapani ambao nao huwasha ngozi kwa sababu kemia yao ni ya jamaa mmoja. Ikikauka vizuri haina madhara. Inang'aa kwa kina, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na ukiinamisha gitaa chini ya taa unaona mti kana kwamba uko chini ya maji tulivu.

Faida yake ni uimara dhidi ya jasho. Ubaya ni kwamba haiyeyuki tena: ukipaka juu ya mkwaruzo, tabaka jipya halishikani na la zamani, na ukingo wa kiraka unaonekana. Shelaki, laka nyingine inayopakwa zaidi kwenye uso wa gitaa, ni kinyume. Spiriti inaiyeyusha, kwa hiyo fundi anaweza kurekebisha doa lisionekane, lakini kwapa lenye jasho la Dar litaifanya inate ndani ya mwezi mmoja. Kwa pwani kashu ni baraka; uso wa shelaki utunzwe kwa kitambaa chini ya mkono wa kulia. Kutambua bila kudhuru: mwanga wa taa ya UV ndani ya chumba cha giza huifanya shelaki ing'ae rangi ya chungwa. Usijaribu tone la spiriti kwenye gitaa la dukani.

Siku ya 7. Tokyo tena: kununua na kufunga

Treni ya Azusa, Matsumoto hadi Shinjuku, kama saa mbili na dakika 40. Ununuzi ufanyike asubuhi, wakati masikio bado mapya. Bei za Japani hazipunguzwi kwa kubishana. Ukiomba nyuzi mpya au kasha gumu, hilo hueleweka.

Kabla ya kulipa, geuza macho kwenye nati na mfupa wa daraja. Magitaa ya daraja la juu ya enzi ile yaliwekewa pembe ya ndovu. Mfupa wa ng'ombe una vitone na mistari mifupi ya mishipa. Pembe ya ndovu ina mistari inayokatana kama wavu mwembamba. Usiilete Kenya wala Tanzania, hata kipande cha sentimita 8. Duka litabadilisha kwa mfupa wa ng'ombe, likiiga kimo kilekile, na pembe ibaki Japani. Kwa hakaranda, maombi ya hati yanapitia wizara ya uchumi, biashara na viwanda, METI, na nchi unayokwenda nayo iulizwe kabla ya kulipa.

Kufunga: legeza nyuzi zote hadi ziwe chini tone mbili, usizilegeze zikaning'inia. Karatasi laini kati ya nyuzi na freti. Jaza nguo chini ya kichwa na pembeni mwake, kwani kichwa kinachoning'inia ndani ya kasha ndicho kinachovunjika kasha likianguka chali. Mwili usitikisike hata kidogo ukilisukasuka kasha. Kifurushi cha kudhibiti unyevu cha asilimia 49 kiwekwe karibu na kisigino. Likienda tumboni mwa ndege, kasha liingie boksi lenye sentimita 5 za povu kila upande.

Siku ya 8. Dar es Salaam

Toka Narita kupitia Addis Ababa, Doha au Dubai, gitaa limepita hewa kavu ya ndege na kutua kwenye unyevu wa asilimia 75 hadi 80. Usilifungue. Liache ndani ya kasha saa 24, nyuzi zikiwa zimelegea, mti upokee joto kwanza. Kisha tyuni kidogokidogo kwa siku mbili.

Uso utavimba. Ndani ya mwezi nyuzi zinaweza kupanda nusu milimita hadi milimita nzima kwenye freti ya 12, gitaa litasikika zito, na mtu wa karibu atakushauri ukwangue mfupa. Usiukwangue. Andika kimo siku ya kwanza, ya 7 na ya 30, kwenye kadi inayokaa ndani ya kasha. Weka gramu 200 za silika ndani ya mfuko wa kitambaa na kipima unyevu pembeni yake. Ikishiba, ikaushe kwenye oveni ya nyuzijoto 110 hadi 120 za Selsiasi kwa saa 2. Lengo ni asilimia 50 hadi 55, na isishuke chini ya 45. Chumba chenye kiyoyozi mchana na dirisha wazi usiku ni kibaya kuliko unyevu wa kudumu, kwa sababu mti unavimba na kusinyaa kila siku. Nyuzi ziwe za nailoni za mkazo wa kawaida. Seti ya nyuzi za chuma inavuta karibu mara mbili, na itang'oa daraja hata kama ni la Kohno.

Ukishajua gitaa linapanda kiasi gani, chukua mfupa wa ng'ombe uliokauka, uuchonge kwa msumeno na tupa kwa kuiga ule wa awali, upana uleule na mgongo uleule, na uushushe mara mbili ya kiasi hicho. Wa awali ubaki mzima. Andika kwa penseli chini ya kila mmoja: masika kwa mfupi, kipupwe kwa mrefu, na ule usiotumika ukae ndani ya bahasha mfukoni mwa kasha.